Jaji Mkuu Windham na Mashauri ya Watu wa Handeni na Korogwe

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako bado yupo mzee aliyekuwa mtu mzima siku za Waingereza, mwulize neno hili moja: mtu akishindwa shauri barazani kwa zumbe, na moyoni akaona ameonewa, alikwenda wapi? Atakujibu kwamba alikwenda bomani kwa Bwana DC. Mwulize tena: na kwa Bwana DC akishindwa je? Hapo mzee atafikiri kidogo, kisha atakutajia Tanga, kwa Bwana PC. Jaji hatakutajia kabisa.

Hata hivyo majaji walikuwako. Tangu mwaka 1920 Tanganyika ilikuwa na Mahakama Kuu, makao yake Dar es Salaam, na majaji wake walivaa joho na nywele nyeupe za bandia kama wenzao wa London. Walisafiri mikoani kusikiliza kesi za mauaji na makosa mengine mazito, na Tanga ilikuwa moja ya miji waliyoketi. Lakini shauri la mbuzi, la mahari au la urithi wa mtu wa Sindeni, wa Magoma au wa Kwediboma halikuwafikia. Je, ni kwa nini? Na ni lini njia ilifunguka? Ili kujibu maswali hayo nitakueleza habari za mtu mmoja, Mwingereza, Sir Ralph Windham, aliyekuwa Jaji Mkuu wa mwisho kuteuliwa na wakoloni katika nchi yetu. Maisha yake yalikuwa na mambo ya ajabu kuliko majaji wengi. Tena mabadiliko makubwa ya mabaraza yetu yalifanyika alipokuwa amekalia kiti kile.

Ralph Windham alizaliwa Uingereza mwaka 1905. Alisoma Chuo cha Trinity huko Cambridge, na mwaka 1930 akakubaliwa kuwa wakili. Zamani zile kijana wa Kiingereza aliyejua sheria aliweza kubaki London kugombania wateja, au kuingia katika kazi ya makoloni, ambako mshahara ulikuwa wa hakika na kupanda cheo kulikuwa kwa kuhamahama. Windham alichagua kuhamahama. Mwaka 1935 alipelekwa Palestina, iliyokuwa chini ya Waingereza, kwa kazi ya kuandika miswada ya sheria. Mwaka 1942 akafanywa jaji wa mahakama ya wilaya huko huko.

Huko Palestina ndiko lilikompata jambo lililomfanya atajwe magazetini dunia nzima. Tarehe 27 Januari 1947 alikuwa ameketi mahakamani katika mji wa Tel Aviv, akisikiliza shauri la kawaida la madai. Watu wenye silaha wakaingia, wakamkamata pale pale kitini, wakamtia katika gari na kwenda naye. Walikuwa watu wa Irgun, chama cha siri cha Wayahudi kilichopigana na Waingereza. Mwenzao mmoja, Dov Gruner, alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kushiriki katika uvamizi wa kituo cha polisi, na siku ya kunyongwa kwake ilikuwa kesho yake, tarehe 28. Siku moja kabla walikuwa wamemteka Mwingereza mwingine mjini Jerusalem. Shabaha yao ilikuwa wazi: mkimnyonga mtu wetu, na hawa wenu hamtawaona tena.

Angalia vema hapo, msomaji. Windham siye aliyemhukumu Gruner. Gruner alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Lakini kwa watekaji jaji ni jaji, na serikali ni serikali. Hawakuona tofauti ya mkono huu na ule. Serikali ikaahirisha kumnyonga Gruner, na tarehe 28 Windham akaachiliwa akiwa mzima. Gruner mwenyewe alikuja kunyongwa tarehe 16 Aprili mwaka ule ule, pamoja na wenzake watatu. Hivi ndivyo jaji alivyolala usiku mmoja mikononi mwa watu ambao uhai wake waliuona kuwa kitu cha kubadilishana.

Baada ya hapo alihamishwa. Mwaka 1947 alikwenda Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, akawa jaji huko. Mwaka 1950 akaja Kenya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya koloni lile. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau.

Kenya ya siku zile ni mahali pabaya pa kumsifia jaji yeyote wa kikoloni. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ya hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mbele ya mzee mmoja aitwaye Ransley Thacker. Huyu alikuwa jaji aliyestaafu wa Mahakama ya Juu ile ile, akarudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo moja. Tarehe 8 Aprili 1953 akawafunga miaka saba kwa kazi ngumu. Baadaye ikajulikana kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000, na mwaka 1958 shahidi mmoja mkubwa, Rawson Macharia, akasema kwamba ushahidi aliotoa ulikuwa wa uongo. Namtaja Thacker ili ujue kwamba joho na nywele nyeupe peke yake havikumfanya mtu kuwa mwamuzi wa haki. Mwananchi wa kawaida alikuwa na sababu njema ya kumwogopa jaji, au kumdharau.

Mwaka 1955 Windham alipelekwa Unguja kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, siku za Sultani Khalifa bin Harub. Alikaa hadi 1959, katika miaka ambayo Waunguja walipiga kura yao ya kwanza, ile ya 1957. Kisha alikaa muda mfupi katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1960 akaja Dar es Salaam kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika, akapewa na cheo cha Sir. Alikuwa na miaka 55.

Sasa turudi kwetu, Handeni na Korogwe, ili tuone alikuta mabaraza ya namna gani.

Wakati wa Wadachi, mashauri ya vijijini yaliamuliwa na maakida, wengi wao watu wa pwani, na juu yao Bwana Mkubwa wa boma. Waingereza walipokuja waliendelea hivyo kitambo, mpaka alipofika Gavana Donald Cameron mwaka 1925. Huyu aliwatoa maakida, akawarudisha, au mahali pengine akawaumba, watawala wa kienyeji. Kwetu ndio mazumbe. Kila mtawala akapewa baraza lake na karani wake, na daftari la kuandikia mashauri na faini. Kwa sheria ya mwaka 1929 Cameron akafanya jambo zito zaidi: aliyaondoa mabaraza hayo kabisa chini ya macho ya Mahakama Kuu, akayaweka chini ya maofisa wa utawala. Jaji Mkuu wa wakati ule, Sir Alison Russell, alipinga. Yeye aliona kwamba mahakama ni mahakama, hata ikiketi chini ya mwembe, na yafaa isimamiwe na majaji. Hakusikilizwa.

Tuchukue mfano ili neno hili lieleweke. Tuseme ni mwaka 1935, na mzee mmoja wa upande wa Sindeni amefariki, ameacha shamba na mbuzi ishirini. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, anakuja kudai mbuzi, kwani kwa mila ya kale Wazigua walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwana wa marehemu naye anakataa. Anasema ndiye aliyemwuguza baba, tena ndiye aliyelinda mbuzi wale wasiliwe na chui. Huenda marehemu alikuwa Mwislamu, na ndugu wengine wanataka mirathi ya dini. Basi hapo kuna sheria tatu na mbuzi ishirini.

Shauri hilo linakwenda kwa zumbe, ambaye pengine ni ndugu wa mmoja wao. Aliyeshindwa anakata rufani kwenye baraza la juu zaidi la kienyeji, ambalo nalo ni la mtawala. Akishindwa tena, anafunga chakula chake na kwenda kwa Bwana DC bomani Handeni. Akishindwa na huko, ni Tanga kwa PC: atembee au apande lori hadi Korogwe, kama maili arobaini, kisha apande gari moshi katika reli iliyofika Korogwe tangu 1902. Na akitaka kuendelea mpaka mwisho kabisa, rufani yake inakwenda kwa Gavana mwenyewe. Njia nzima hiyo hana wakili, kwani mawakili hawakuruhusiwa katika mabaraza ya wenyeji. Wala njia nzima hiyo hakutani na jaji hata mmoja. Toka kwa zumbe hata kwa Gavana, kila aliyemsikiliza ni mtu wa utawala.

Sitaki kumwonea Cameron. Alikuwa na hoja. Alisema jaji wa Kiingereza hajui mila, husikia kwa kinywa cha mkalimani, hufungwa na kanuni za ushahidi zilizotungwa kwa ajili ya Waingereza. Na mawakili wakiingia, maskini atakula hasara. Yote hayo yana ukweli. Jaji wa mwaka 1935 angemwelewaje yule mpwa na mbuzi wake? Zumbe alimwelewa.

Lakini tazama upande wa pili. Zumbe yule yule ndiye aliyekusanya kodi. Ndiye aliyetoa amri za kilimo, kwamba kila mwenye nyumba alime shamba la muhogo kuwa akiba ya njaa, na asiyelima ashtakiwe. Ashtakiwe wapi? Barazani kwa zumbe. Akate rufani kwa nani? Kwa Bwana DC, ambaye ndiye aliyemhimiza zumbe kutoa amri. Katika wilaya kama Handeni, yenye ukame na njaa za mara kwa mara, amri ya muhogo huenda ilikuwa ya akili kabisa. Hata hivyo mtu aliyeugua msimu mzima asilime alikuwa na neno la kusema, akalisema mbele ya mtu yule yule aliyemshtaki. Korogwe, penye mashamba ya mkonge na watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi, mambo yalizidi kuwa magumu, maana baraza la mtawala wa kienyeji lilimhukumu kwa mila mtu ambaye mila yake ilikuwa ya mbali kabisa.

Mtu wa kijijini alionana na jaji siku moja tu: siku alipoambiwa ameua. Hapo Bwana DC, sasa akiwa amevaa kofia ya hakimu, alisikiliza ushahidi wa kwanza, kisha mshtakiwa akapelekwa kungoja kikao cha Mahakama Kuu. Jaji aliketi pamoja na wazee wa baraza, aliowauliza maoni yao mmoja mmoja, lakini hakufungwa nayo. Hukumu ilikuwa yake peke yake. Kila neno lilipita kwa mkalimani, Kizigua au Kisambaa kikawa Kiswahili, Kiswahili kikawa Kiingereza, kisha jaji akaandika kwa mkono wake. Ndiyo maana wazee wengi waliposikia neno jaji walifikiri kitanzi.

Sheria ya mwaka 1951 iliyalegeza mambo kidogo. Mabaraza ya wenyeji yakaitwa mahakama za mitaa, na juu kabisa ikawekwa mahakama ya rufani ambamo jaji wa Mahakama Kuu aliketi pamoja na maofisa wa serikali. Uhuru ulipokaribia, marekebisho mengine yakafuata. Lakini nyumba ilikuwa bado na milango miwili, mmoja wa mila na mmoja wa sheria ya Kiingereza. Na ule wa kwanza ulikuwa wa Waafrika tu.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta Windham mwaka 1960.

Tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilipobadilishwa, yeye ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu. Tarehe 9 Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri na Mwalimu Nyerere akawa Rais, bado ni yeye. Jambo hilo liliwashangaza baadhi ya watu. Maofisa Waingereza walikuwa wakifunga masanduku, nafasi zao zikishikwa na wananchi, na huyu amebaki katika kiti kikubwa namna hii? Sababu yake haikuwa siri. Tanganyika ilikuwa na Waafrika wachache mno waliosomea sheria. Chuo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 14. Wanafunzi 14 hawafanyi majaji kesho yake.

Basi mwaka 1963 Bunge likafanya kazi mbili ambazo kila kijiji cha Handeni na Korogwe kiliziona kwa macho. Kwanza, utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria, na zumbe akabaki mzee wa heshima katika ukoo wake, bila baraza la kuhukumu. Pili, ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1964. Kwa sheria hiyo mahakama za mitaa zilikwisha, na badala yake zikawekwa mahakama za mwanzo. Toka mahakama ya mwanzo rufani ikawa inakwenda mahakama ya wilaya, na toka wilaya inakwenda Mahakama Kuu, kwa jaji. Bwana DC na Bwana PC hawamo tena katika ngazi hiyo. Milango miwili ikawa mmoja.

Sheria hiyo ilitungwa na Bunge na Serikali ya wananchi, si Windham. Lakini kazi ya kuipokea Mahakama Kuu ilimwangukia yeye na wenzake. Majaji waliozoea kesi za mauaji na mashauri ya makampuni walianza kuletewa kwa haki kabisa mashauri ya mahari, ya mbuzi na ya wapwa. Mwaka 1964 aliteuliwa pia Mwafrika mwenyeji kuwa jaji wa Mahakama Kuu, Augustine Saidi, ambaye mwaka 1971 alikuja kuwa Jaji Mkuu.

Kuna jambo jingine la mwaka 1963 ambalo msafiri wa Korogwe ataliona la kufurahisha. Mwaka ule ilifunguliwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyuzi. Hapo kabla reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazikutani popote, na mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuja Korogwe alishika barabara, au akapanda meli mpaka Tanga ndipo apande gari moshi.

Usidhani hata hivyo kwamba mambo yote yalikuwa meupe. Wengi wa mahakimu wa kwanza wa mahakama za mwanzo walikuwa wale wale waliohukumu katika mahakama za mitaa, na waliobadilishwa ni mwajiri wao. Wengine walipelekwa Mzumbe kujifunza kwa muda mfupi. Bwana DC aliondoka, akaja Eria Kamishna, ambaye alikuwa mtu wa siasa, na hakimu mdogo hakuacha kutazama uso wake. Na mwaka 1962 Bunge hilo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya kumpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, sheria iliyosema waziwazi kwamba amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo mtu wa Sindeni alifunguliwa njia ya kumfikia jaji kwa ajili ya mbuzi wake, alifungiwa njia hiyo kwa ajili ya mwili wake. Mambo hayo mawili yafaa kukumbukwa pamoja.

Mwaka 1964 ndio uliompima Windham kuliko yote tangu Tel Aviv. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara mkubwa zaidi na maofisa Waingereza waondoke. Watu walikufa mjini, maduka yakaporwa, Mwalimu akajificha kwa siku mbili. Tarehe 25 askari wa Kiingereza walioombwa na Serikali wakawanyang'anya waasi silaha. Je, wafanyweje? Katika nchi nyingi jibu la siku zile lilikuwa ukuta na risasi. Tanganyika ikaamua wahukumiwe, na mahakama ya kijeshi iliyowahukumu iliongozwa na Sir Ralph Windham.

Hebu fikiri. Hapo palikuwa na Mwingereza, tena aliyekwisha kutekwa na watu wenye silaha, akiwahukumu Waafrika walioasi ili maofisa Waingereza waondolewe. Mtu angetazamia adhabu kali kupita kiasi. Zilizotoka zilikuwa adhabu za kifungo. Aliyeonekana kuwa kiongozi alipata miaka 15, na hakuna aliyenyongwa. Wananchi wengi walikasirika. Serikali yenyewe ilisema kwamba inaona adhabu zile ni nyepesi. Lakini ikasema pia kwamba haitaziongeza, kwa kuwa mahakama imekwisha kuamua. Kwangu mimi hilo ndilo neno kubwa la habari hii yote. Rais aliyekuwa na nguvu zote mkononi, na aliyekuwa amefedheheshwa na askari wake mbele ya dunia, alilalamikia hukumu kisha akaiacha ilivyo. Bwana DC wa mwaka 1935 hakulazimika kufanya hivyo kwa hukumu ya zumbe. Hukumu isiyompendeza aliigeuza.

Windham aliondoka mwaka 1965. Kiti chake kilishikwa na Telford Georges, Mwafrika wa visiwa vya Karibi, aliyetoka Trinidad. Huko kwao Uingereza Windham alifanya kazi katika tume iliyoshughulikia fidia za Waingereza waliopoteza mali katika nchi za nje, hadi 1977. Alifariki mwaka 1980.

Lugha ndiyo iliyochelewa. Mahakama ya mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo wake, lakini shauri lilipofika kwa jaji liligeuka kuwa Kiingereza. Mtu wa Korogwe aliweza kushinda rufani yake Mahakama Kuu asiweze kuisoma hukumu iliyompa ushindi. Ilipita miaka 60 ya Uhuru: ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote.

Na wewe msomaji, ukishindwa leo katika mahakama ya mwanzo, iwe Chanika, Mombo au kwingineko, usiondoke kwa hasira ukakaa nyumbani kulalamika mpaka muda ukapita. Omba nakala ya hukumu. Una siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya wilaya. Ukishindwa na huko, una siku 30 nyingine za kwenda kwa jaji wa Mahakama Kuu. Na karatasi za rufani hiyo ya pili huhitaji kuzipeleka mbali, kwani hupokelewa katika mahakama ile ile ya wilaya iliyotoa hukumu.